Mwamba ngoma huvutia kwake: ramani zinazoamua Bunge la Marekani

Mjini Greensboro, jimbo la North Carolina, kuna barabara fupi iitwayo Laurel. Inakatiza ndani ya Chuo Kikuu cha North Carolina A&T, ambacho kwa wingi wa wanafunzi ndicho kikubwa kuliko vyuo vyote vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi. Mwaka 2016 mpaka wa uchaguzi ulipitishwa juu ya barabara hiyo. Wanafunzi wa upande mmoja wakawa na mbunge wao, wa upande wa pili wakawa na wa kwao. Vijana wanaosoma darasa moja, wanaokula pamoja, wenye shida moja ya ada na mikopo, ghafla hawakuwa na mbunge mmoja wa kumpelekea shida hiyo. Na wabunge wote wawili, Mark Walker na Ted Budd, walikuwa wa Republican, chama ambacho wengi wa vijana wale hawakukipa kura.

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Habari za siasa za Marekani hutufikia zikiwa zimejaa jina la mtu mmoja: leo kasema nini, jana kamtukana nani. Huku nyuma kuna kazi ya kimyakimya, ya kalamu na kompyuta, inayoamua nani atalishika Bunge hata kabla kampeni hazijaanza. Mwaka 2025 kazi hiyo ilitoka hadharani, ikageuka vita kutoka Texas hadi California. Anayetaka kuelewa kwa nini nchi yenye watu wengi wanaotaka bima ya afya na mishahara ya kutosha inapata Bunge lisilovipa uzito, ni lazima azielewe ramani hizi.

Kwanza tulinyooshe neno moja linalotutatiza sisi wa Kiswahili. "Jimbo" kwetu hubeba mizigo miwili. Texas ni jimbo, lina gavana na bunge lake. Lakini Mtanzania pia husema "mbunge wa jimbo letu", akimaanisha sehemu ndogo inayochagua mbunge mmoja. Hapa nitaiita sehemu hiyo eneo bunge, kama Wakenya, ili tusigongane njiani.

Baraza la Wawakilishi la Marekani lina viti 435, na idadi hiyo imedumu karibu bila kubadilika kwa zaidi ya miaka 100. Kila baada ya miaka 10 hufanyika sensa, viti hugawiwa majimbo kulingana na watu waliohesabiwa, kisha kila jimbo hujichorea maeneo bunge yake. Kwa sensa ya 2020, eneo bunge moja lina watu wapatao 761,000. Wanaohesabiwa ni watu wote, si raia tu. Familia ya Kikongo iliyopokewa Marekani kama wakimbizi, inayozungumza Kiswahili nyumbani na haijapata uraia bado, imo ndani ya hesabu hiyo. Haina kura, lakini kuwapo kwake kunaongeza uzito wa jimbo inakoishi. Sasa ni nani anashika kalamu? Katika majimbo mengi ni bunge la jimbo lenyewe, yaani wanasiasa wenye chama, wenye marafiki, na wenye hamu ya kurudi madarakani. Wahenga wetu walishasema mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa ngoma ni nchi nzima.

Hila yenyewe ni hesabu ya darasa la nne. Chukua mji wenye wapiga kura 500, umegawanywa maeneo bunge matano ya watu 100 kila moja. Chama cha Kijani kina wafuasi 260, cha Njano kina 240. Mwenye kalamu ni Njano. Anawarundika Kijani 92 katika eneo moja, pamoja na watu wake wanane tu. Hapo Kijani wanashinda kwa kishindo, wanapiga vigelegele, na kura zao nyingi zimepotea bure, kwa maana kiti hupatikana kwa 51. Kijani 168 waliobaki anawatawanya katika maeneo manne, 42 kila moja, dhidi ya Njano 58. Kura zikihesabiwa, Njano wana viti vinne, Kijani kimoja. Hakuna aliyeiba sanduku, hakuna aliyezuiwa kupiga kura, hakuna karatasi ya bandia. Walio wachache wametawala walio wengi kwa njia halali kabisa.

Kurundika na kutawanya. Vijana wa A&T wamefanyiwa yote mawili. Katika ramani ya 2011, mitaa ya watu weusi ya Greensboro ilitiwa ndani ya eneo bunge la 12, lililojinyonga kama nyoka kufuata barabara kuu kutoka Charlotte, likikusanya weusi kila lilipopita. Mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu na si ya jimbo, ikalifuta mwanzoni mwa 2016 kwa kuwa rangi ya watu ndiyo iliyotumika kulichora. Wabunge wa North Carolina wakarudi mezani, na safari hii wakawatawanya: ndipo mpaka ukapita barabara ya Laurel. David Lewis, Mrepublikan aliyesimamia kazi hiyo katika bunge la jimbo, alisema waziwazi mbele ya wenzake kwamba anapendekeza ramani ya kuwapa Warepublikan viti 10 na Wademokrat 3 kwa sababu haoni namna ya kuchora ya 11 kwa 2. Na mwaka 2018, Wademokrat walipopata karibu nusu ya kura zote za jimbo, waliambulia viti vitatu kati ya 13.

Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1812 gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, alitia saini ramani yenye eneo moja lililopinda hata gazeti la Boston likalichora lina mbawa na makucha na kulifananisha na mnyama aitwaye salamanda. Jina lake na la mnyama yakaunganishwa, na hadi leo uchoraji wa hila huitwa jerimanda. Lakini Gerry alikuwa akitumia wino na kubahatisha. Mchoraji wa leo ana programu inayomwonyesha, mtaa kwa mtaa, watu walipigaje kura miaka yote iliyopita. Anasogeza mstari nyumba chache kushoto, namba zinabadilika papo hapo kwenye kioo.

Mwaka 2010 chama cha Republican kilielekeza mamilioni ya dola kwenye chaguzi za mabunge ya majimbo, chaguzi ndogo ambazo hakuna televisheni inayozijali, kwa sababu waliojua walijua kwamba mshindi wa mwaka ule ndiye angeshika kalamu baada ya sensa. Sitawalaumu kwa kuona mbali; ni Wademokrat waliolala. Matokeo yake, mwaka 2012 wagombea wa Democratic walipata kura zaidi ya milioni moja kuliko wa Republican nchi nzima, na bado Warepublikan wakakaa na viti 234 dhidi ya 201. Wisconsin ilikuwa mbaya zaidi: mwaka 2018 Wademokrat walipata takriban asilimia 53 ya kura za bunge la jimbo na kuondoka na viti 36 kati ya 99.

Mahakama je? Hapa ndipo fundo lenyewe lilipo, na naomba tulifungue polepole.

Sheria ya Marekani inatazama jerimanda kwa macho mawili. Kuchora mpaka ili kuwapunguzia nguvu watu kwa sababu ya rangi yao ni marufuku. Marufuku hiyo ilinunuliwa kwa damu. Tarehe 7 Machi 1965 polisi waliwapiga waandamanaji kwenye daraja la Edmund Pettus mjini Selma, Alabama; kijana John Lewis, ambaye baadaye alikuwa mbunge kwa zaidi ya miaka 30, alipasuliwa kichwa. Miezi mitano baadaye Rais Lyndon Johnson akatia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Sheria hiyo iliyabana majimbo yenye historia ya ubaguzi: hayakuruhusiwa kubadili ramani wala taratibu za kura bila kibali cha serikali kuu. Lakini kuchora mpaka ili kukipunguzia nguvu chama? Hilo lilibaki kuwa swali kwa miongo mingi.

Mwaka 2013, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu iliivunja nguzo ya kibali. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba nchi imebadilika. Jaji Ruth Bader Ginsburg alimjibu kwamba kuifuta kinga kwa kuwa imefanya kazi ni sawa na kuutupa mwavuli katikati ya mvua kwa sababu hujaloa. Kisha, tarehe 27 Juni 2019, mahakama hiyohiyo ikaamua kesi ya North Carolina, pamoja na ya Maryland, ambako wachoraji wa hila walikuwa Wademokrat. Roberts alikiri kwamba ramani za namna hii haziendani na misingi ya demokrasia. Lakini yeye na wenzake wanne wakasema hilo ni suala la kisiasa, mahakama za shirikisho hazina la kufanya. Jaji Elena Kagan alifunga maoni yake ya kupinga kwa kuandika kwamba anapinga kwa heshima, lakini kwa huzuni kubwa.

Yaweke maamuzi hayo pamoja uone kinachotokea. Huko Kusini, rangi na chama vimeshikamana. Weusi kwa wingi wao huipigia Democratic. Weupe wengi huipigia Republican. Ukiwatawanya weusi umewatawanya Wademokrat, na ukiwatawanya Wademokrat umewatawanya weusi. Basi ukishtakiwa kwamba umewabagua watu kwa rangi, unajibu: "La hasha, nimewaumiza kwa sababu ya chama chao." Na jibu hilo, tangu 2019, linakubalika mahakamani. Mwaka 2024, katika kesi ya South Carolina, majaji waliongeza uzito wa mzigo kwa mlalamikaji: ni juu yake kuyatenganisha mawili hayo na kuthibitisha kwamba ni rangi iliyotangulia. Mtu amepigwa fimbo, kisha anatakiwa athibitishe aliyempiga alikuwa akiwaza nini.

Hapa sina upande wowote wa kati wa kusimama. Kusema huu ni utaalamu wa sheria tu ni kuwageuzia kisogo watu walewale waliopigwa Selma.

Texas ndiyo iliyotuonyesha mwisho wa njia hii. Kati ya sensa ya 2010 na ya 2020 watu wa jimbo hilo waliongezeka kwa takriban milioni 4, na kama asilimia 95 ya ongezeko hilo walikuwa Walatino, weusi, Waasia na wengine wasio weupe. Hao ndio walioipatia Texas viti viwili vya ziada. Mwaka 2025, katikati ya muongo, bila sensa mpya, Rais Donald Trump aliwataka viongozi wa Texas wachore upya ili kupata viti vitano zaidi. Alisema kwenye televisheni kwamba chama chake kina haki ya viti hivyo. Kiti huombwa kwa wapiga kura; mimi sijui haki ya kiti inayotangulia kura. Na hesabu yake ilikuwa wazi: katika uchaguzi wa 2024 Warepublikan walipata viti 220 dhidi ya 215. Vitatu tu vikihama, Baraza linabadilika mikono.

Wawakilishi zaidi ya 50 wa Democratic katika bunge la Texas walitoka nje ya jimbo mwezi Agosti, wengi wakaenda Illinois, ili akidi isitimie. Walikaa huko wiki mbili. Waliporudi, uongozi wa bunge ulimpa kila mmoja wao askari wa kumfuata kama sharti la kutoka ukumbini. Nicole Collier, mwakilishi kutoka Fort Worth, alikataa kutia saini karatasi ya sharti hilo. Akabaki ndani ya ukumbi. Akalala pale, kwenye kiti chake, mwakilishi aliyechaguliwa na watu, mwanamke mweusi, amezuiwa kwenda nyumbani kwa kosa la kukataa kusindikizwa na polisi. Ramani ikapita, na gavana Greg Abbott akaitia saini tarehe 29 Agosti.

Mwezi Novemba jopo la majaji wa shirikisho mjini El Paso liliizuia. Aliyeandika uamuzi ni Jeffrey Brown, jaji aliyeteuliwa na Trump mwenyewe, na alisema ushahidi ni mwingi kwamba rangi ilitumika. Mojawapo ya ushahidi huo ilikuwa barua ya Wizara ya Sheria iliyoyataja maeneo bunge manne ya Texas kwa muundo wa rangi za wakazi wake. Haikuchukua wiki tatu: tarehe 4 Desemba Mahakama ya Juu iliufungua tena mlango, ramani itumike. Jaji Samuel Alito akaeleza kwamba msukumo wa ramani ya Texas, kama wa ile ya California, ulikuwa faida ya kichama. Yaani jibu lilelile: ni chama, si rangi.

California imetajwa, na ni haki niizungumzie, maana wasomaji wa upande wa pili wameshaanza kuniuliza. Ndiyo, Wademokrat nao huchora. Illinois wana viti 14 kati ya 17, ilhali Trump alipata zaidi ya asilimia 43 ya kura za jimbo hilo mwaka 2024. Ile ramani ni aibu na siitetei. California ilikuwa tofauti: wapiga kura wake waliwanyang'anya wanasiasa kalamu na kuipa tume ya raia 14, watano Wademokrat, watano Warepublikan, wanne wasio wa chama chochote kati ya hivyo. Baada ya Texas, gavana Gavin Newsom aliwaomba wananchi waiweke kando ramani ya tume hadi 2030 na kupitisha nyingine yenye viti vitano zaidi kwa Democratic. Tarehe 4 Novemba 2025 walikubali, kwa takriban asilimia 64.

Ningekuwa na kura kule ningeipiga ndiyo, na ningetoka kituoni moyo ukiniuma. Wananchi wa California angalau waliulizwa. Wa Texas hawakuulizwa. Missouri nao hawakuulizwa bunge lao lilipoupasua mji wa Kansas City vipande ili kumwondoa mbunge wa Democratic, Emanuel Cleaver. Lakini Mrepublikan wa Fresno, California, ambaye kura yake imetiwa maji ili kulipiza aliyofanyiwa Mdemokrat wa Houston, yeye kosa lake ni lipi? Hajamchorea mtu ramani. Kila kisasi cha namna hii kinaongeza watu ambao uchaguzi wao umeamuliwa tayari. Nawapa heshima maseneta wa Indiana: tarehe 11 Desemba, pamoja na shinikizo na vitisho kutoka Ikulu, Warepublikan wengi waliungana na Wademokrat wakaikataa ramani mpya kwa kura 31 dhidi ya 19.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ilikuwa karibu. Machi 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada ambao ungepiga marufuku jerimanda ya kichama nchi nzima, Texas na Illinois kwa pamoja. Ulikwama Seneti, baraza la pili la Bunge, ambako kwa kanuni yao hoja nyingi haziendi mbele bila kura 60 kati ya 100. Januari 2022 Wademokrat walijaribu kuilegeza kanuni hiyo kwa ajili ya sheria za kura peke yake. Maseneta wawili wa chama chao wenyewe, Joe Manchin na Kyrsten Sinema, walisimama na Warepublikan, jaribio likaanguka kwa 52 dhidi ya 48. Wale wanaosema vyama vyote ni sawa wakumbuke kura ile: hakuna Mrepublikan hata mmoja katika Seneti aliyeiunga mkono, na waliokuwa wakipoteza ramani zao za hila Illinois na Maryland ndio walioileta.

Na hata marufuku hiyo isingetosha kabisa. Massachusetts, nyumbani kwa Gerry, ina viti tisa, vyote vya Democratic, ingawa zaidi ya theluthi moja ya wapiga kura walimchagua Trump. Pale shida si kalamu tu. Warepublikan wametapakaa sawasawa, na kiti kimoja kwa kila eneo humpa mshindi vyote. Sheria ya 1967 ndiyo inayolazimisha mbunge mmoja kwa kila eneo bunge; Katiba haikusema hivyo. Bunge likitaka linaweza kuibadilisha kwa sheria ya kawaida, kuwe na maeneo makubwa yenye wabunge watatu au watano, na viti vigawanywe kwa uwiano wa kura. Mwenye asilimia 40 apate viti viwili kati ya vitano. Hapo mchora ramani hana tena cha kuiba.

Turudi Greensboro. Mwaka 2019 mahakama ya North Carolina iliizuia ramani ile, na mpaka ukaondolewa chuoni. Mwaka uliofuata mji ulimchagua Kathy Manning wa Democratic. Kisha Warepublikan wakapata wingi katika Mahakama ya Juu ya jimbo, mahakama ikageuza msimamo wake Aprili 2023, na miezi michache baadaye bunge likachora tena. Viti vilivyokuwa 7 kwa 7 vikawa 10 kwa 4. Gavana wa jimbo hilo hana mamlaka ya kuzikataa ramani. Kaunti ya Guilford, yenye mji wa Greensboro, ikagawanywa kati ya maeneo bunge matatu.

Katika mji huohuo, tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza wa A&T walitoka chuoni, wakaingia duka la Woolworth, wakaketi kwenye kaunta ya chakula iliyotengwa kwa ajili ya weupe, wakaagiza kahawa. Walinyimwa, wakabaki wameketi hadi duka likafungwa, na kesho yake wakarudi wakiwa wengi zaidi. Jengo lile leo ni makumbusho.

Novemba 2024 Kamala Harris, mgombea urais wa Democratic, alishinda kaunti ya Guilford kwa tofauti kubwa. Viti vyote vitatu vya maeneo bunge yaliyoigawana kaunti hiyo vilikwenda kwa Warepublikan. Kathy Manning alikuwa ameshaitazama ramani mpya na kuamua kutogombea. Katika eneo lake la 6, Wademokrat hawakusimamisha mgombea.